Posa Iliyokuja na Jiwe

Nemba, Biharamulo
9 Juni 2024

Kwa Mzee Pancras na Mama Ernesta,
Bugarama, Ngara.

Yah: Posa ya binti yenu Domisiana

Shikamooni wazee wangu. Huku Nemba tuko wazima, mahindi tumeshavuna na ng'ombe bado wana majani. Naomba Mungu barua hii iwakute nanyi mmekaa vizuri, mmeshiba, na hakuna aliyewaudhi siku hiyo.

Mimi naitwa Gidioni, mtoto wa tatu wa mzee Bulugu. Wazazi wangu walihamia hapa kutoka Shinyanga na ng'ombe kumi na mmoja, kabla sijazaliwa. Nina miaka ishirini na tisa. Kazi yangu ni kuchukua sampuli za mawe na udongo kwa ajili ya watu wa utafiti wa madini. Mashimo ya dhahabu siingii, na pombe sinywi.

Niliambiwa na wanaojua kuandika posa kwamba niseme nimeona ua zuri katika bustani yenu. Nimejaribu mara tatu nimeshindwa. Domisiana si ua, ni muuguzi wa zahanati yetu, na siku ya kwanza nilipomwona alikuwa ananishona kidole huku akinigombeza kwa kupasua mawe bila glavu. Tangu siku hiyo ni miaka miwili, na bado ananigombeza, na sitaki aache. Ndiyo maana naleta ombi kwamba mnipe ruhusa ya kumchumbia, kisha kumwoa kwa taratibu zote za kwenu.

Mletaji wa barua ni mjomba wangu Alfonce, ambaye ndiye mshenga. Ndani ya bahasha mna kifungua mlango kama ilivyo desturi. Pamoja na bahasha iko zawadi ndogo ambayo mjomba atawaonyesha mwenyewe. Sikuieleza humu, maana nikiieleza nitaiharibu.

Wenu mtiifu,
Gidioni Bulugu


Bugarama, Ngara
17 Juni 2024

Gidioni mwana wa Bulugu,

Marahaba. Umetuombea tuwe hatujaudhiwa na mtu siku hiyo. Tulikuwa hatujaudhiwa, mpaka posa yako ilipofika.

Kwanza ujue anayekuandikia ni nani. Mimi ndiye Ernesta, shangazi. Kaka yangu Pancras ndiye mkubwa wa ukoo, lakini macho yake hayasomi tena, kwa hiyo barua nasoma mimi na kujibu najibu mimi. Baba yake Domisiana alikuwa mdogo wetu. Alifariki mtoto ana miaka minne, na mama yake hakukaa sana naye akamfuata. Domisiana nimemlea mimi, kwa maharage na migomba yangu, mpaka akavaa gauni jeupe la uuguzi. Kwa hiyo ukiniudhi mimi umeudhi baba na mama.

Sasa sikiliza. Jumamosi mjomba wako alifika, amechomekea shati. Tukampokea vizuri, tukampa chai na mihogo. Akatoa bahasha. Nikasoma kwa sauti, na pale pa kugombezwa Pancras akacheka. Mambo yakawa mazuri kabisa. Kisha mjomba akaingiza mkono kikapuni, akatoa kitu kimefungwa kitenge. Kizito, ukubwa wa mkate. Wifi yangu, mke wa Pancras, akaninong'oneza, "Itakuwa sukari."

Kikafunguliwa. Jiwe.

Jiwe, Gidioni! Si la kujengea, maana ni moja. Si la kunolea, maana ni laini. Rangi yake kama ugali wa jana. Tukamtazama mjomba wako, naye akatutazama. Nikauliza, "Hii ndiyo nini?" Akasema, "Gidioni amesema ni zawadi, mtaona wenyewe." Tukakaa tuone. Tulikaa mpaka chai ikapoa, na jiwe likabaki jiwe.

Alipoondoka wazee wakaanza kutafsiri. Pancras anasema umetuambia kwa mafumbo kwamba binti yetu hatazaa. Wifi yangu anasema ni dawa ya kutupumbaza tukubali haraka, na akakataa kulala nyumba moja nalo. Nikasema tusimhukumu mtu kwa desturi tusiyoijua, nikaenda mpaka Mabawe kwa Suzana, ambaye ni Msukuma wa Mwanza, nikamuuliza. Akasema, "Mama, kwetu hatutumi mawe. Kwetu tunatuma ng'ombe."

Nimempigia Domisiana. Amecheka mpaka salio langu likaisha, akasema, "Masenge, hayo yamalizeni wewe na yeye." Masenge ndilo neno letu la shangazi, kama hujui.

Basi jieleze. Kwa maandishi. Namba yangu unayo, usinipigie. Maneno ya simu mtu huyakana kesho yake, karatasi haikani. Wazee watakaa Jumamosi tarehe 13 Julai kuamua, na kwa sasa upepo hauvumi upande wako. Jiwe lako liko nje, linazuia mlango wa banda la kuku. Pancras ameamuru nilitunze mimi, kama ushahidi.

Ernesta


Nemba
23 Juni 2024

Shikamoo Shangazi. Mfikishie shikamoo Mzee Pancras na mama.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Naomba radhi kwa wote, hasa kwa mama aliyengojea sukari.

Nilimfuata mjomba Alfonce shambani siku hiyohiyo. Nilikuwa nimemkabidhi vitu vitatu: bahasha, jiwe, na tochi ndogo nyeusi. Nikamuuliza tochi iko wapi. Akasema, "Ile mbovu? Niliijaribu kabla sijatoka, ikatoa kimwanga cha zambarau kisichoonyesha hata kidole. Nikaona aibu kupeleka ukweni tochi inayokufa. Nimeiweka juu ya kabati." Alitaka kunilindia heshima, Shangazi. Sikuweza hata kumkasirikia.

Tochi haikuwa mbovu. Ni ile ambayo wenye maduka wanakagulia noti. Mwanga wake mwingi ni ule ambao jicho la mtu haliuoni, kwa Kiswahili cha shule unaitwa urujuanimno. Hiyo zambarau ni mabaki tu. Mawe mengi ukiyamulika kwa mwanga huo yanakaa kimya. Lakini yapo machache yanayoupokea, yanaubadilisha humohumo ndani, na kuurudisha ukiwa na rangi ambayo unaiona. Jiwe nililowaletea linaitwa kalsaiti. Kalsaiti safi kabisa mara nyingi haiwaki. Hili lina uchafu kidogo wa madini yaitwayo manganizi, na huo uchafu ndio unaolifanya liwake jekundu.

Nililipata kwenye rundo la mawe ambayo wachimbaji wa dhahabu waliyatupa. Kwao lilikuwa taka. Mimi nilijifunika koti kichwani saa saba mchana, juani, nikamulika mawe moja moja, na wachimbaji wakawa wanaulizana kama nina ndugu wa kunichukua. La arobaini na kitu likawaka kama kaa la jikoni. Nilipiga kelele. Wakaja, nikawafunika koti mmoja mmoja wakaona, na mzee mmoja akasema, "Miaka tisa nalikalia hili wakati wa kula." Tulicheka wote siku ile, ingawa hakuna aliyepata dhahabu.

Sina kitu kizuri kuliko hicho, ndiyo maana nilikileta. Na nilitaka kusema jambo moja nililoshindwa kuliandika kwenye posa: wengi wanapita mbele ya Domisiana wanaona muuguzi wa kawaida, lakini mimi niliona anavyowaka.

Tochi naileta na konda wa basi la Ngara, nimeifunga kwenye kopo la maziwa ya unga. Usingoje usiku. Chumba chochote kisicho na dirisha kinatosha, hata mchana. Ila msimulikane machoni.

Gidioni


Bugarama
1 Julai 2024

Gidioni,

Kopo limefika. Marahaba, lakini shangazi yako bado sijawa, usivuke mto kabla ya kivuko.

Na kabla ya yote: umeandika kwamba bila tochi yako binti yangu ni mtu wa kawaida? Sentensi hiyo kaiandike upya. Nilimsomea Domisiana kwenye simu akasema, "Hapo amekosea kidogo, msamehe." Mimi bado nafikiria. Ila nimependa uliposema kinachowaka ni uchafu. Nimewasimulia akina mama wa jumuiya, na wamefarijika sana.

Sasa habari ya jaribio. Nina kibanda cha kuivishia ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, hakina dirisha hata la kupitisha panya. Jana mchana tuliingia watu wanne: mimi, Pancras, wifi yangu, na Suzana niliyemwita kuwa shahidi wa upande wenu, usije ukasema tumekuonea. Tukafunga mlango. Giza. Nikawasha.

Gidioni, nilisahau hata jiwe. Ndizi zangu zilizoiva zilikuwa za buluu! Mikungu yote, na kuzunguka kila doa jeusi palikuwa na pete ya buluu inayong'aa. Miaka arobaini naivisha ndizi, sikuwahi kuambiwa. Wifi yangu akapiga yowe, nikageuka kumtazama, kumbe kitambaa chake cha kichwani, kile cheupe cha misa, kinawaka kama taa. Suzana akaanza kucheka, meno yake yakawaka. Pancras naye akacheka, yake yakawaka, isipokuwa mawili ya mbele, ambayo yalikuwa meusi tii kama hayapo. Miaka yote hii Pancras anatuambia hajawahi kung'oa jino. Wifi yangu akasema polepole, "Mulika kwingine."

Nikamulika jiwe lako. Nililitoa mlangoni pa kuku kwa mikono yangu, nikaliweka juu ya ndoo. Nikamulika juu, ubavuni, chini. Nikalisogeza, nikalirudisha. Halikuwaka. Halikuwaka hata kidogo, Gidioni. Kila kitu katika boma langu kinawaka isipokuwa jiwe lako.

Pancras alitoka akasema, "Huyu ametufanya watoto." Ameumia, na nadhani meno yamechangia. Kwa wazee, mtu asiye na mali hutafutiwa njia, lakini mwongo hana njia. Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tulivyofundishwa. Tarehe 13 ni ileile. Sioni utakavyopona, na nakuambia mapema usije ukashona suti.

Tochi siirudishi kwa sasa. Nimeua nge watatu nyuma ya mtungi. Wanawaka kijani, hawana pa kujificha.

Ernesta


Nemba
5 Julai 2024

Shikamoo Mama Ernesta.

Nimefurahi kwa ajili ya ndizi, na nimefurahi zaidi kwa ajili ya nge. Kitambaa cha mama kinawaka kwa sababu sabuni ya unga huwekewa rangi ya kuzifanya nguo zionekane nyeupe zaidi, na rangi hiyo inapokea mwanga huu. Meno nayo huwaka yenyewe, ya dukani mara nyingi hayawaki. Mzee Pancras mwambie kwamba kwangu hilo halipunguzi kitu.

Lakini nina huzuni, nakuambia wazi. Jiwe lile nililikata mwenyewe kwa msumeno wa kazini kwetu. Nusu nikawaletea, nusu nikabaki nayo. Sasa hivi nimejifunika blanketi na tochi ya ofisini, nusu yangu inawaka nyekundu, na nikizima inabaki imewaka kidogo, kama inayojiuliza izime au isizime. Haiwezekani nusu moja iwake na ya pili isiwake.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Litazameni. Jiwe langu lina upande mmoja bapa, laini kama jalada la kitabu, pale msumeno ulipopita. Kama mlilomulika lina upande huo, basi mimi sijui kazi yangu, na nitaomba radhi kwa wazee wote. Kama halina, basi si langu.

Mama, mkinikataa kwa kuwa sina ng'ombe wa kutosha nitaumia, lakini nitaelewa. Mkinikataa kwa kuwa kwetu ni mbali na lugha yetu ni nyingine, nitaumia vilevile. Lakini nisikataliwe kwa uongo ambao sikuusema. Domisiana namwona kila siku zahanati. Nitamtazamaje?

Gidioni


Bugarama
8 Julai 2024

Gidioni,

Barua hii isome peke yako. Usimsomee mjomba wako, maana najua wajomba.

Jiwe nililomulika halina upande bapa. Sikuhitaji kwenda kulitazama. Nilijua tangu ile siku ya kibandani, na kabla yake.

Ni hivi. Sisi hapa tunajenga kigango, kanisa letu dogo. Jumuiya ilikubaliana kila nyumba ipeleke mawe kumi ya msingi, tarehe 20 Juni, siku ya Alhamisi. Nilizunguka shamba lote nikapata tisa. Nilikuwa na mawe tisa, Gidioni, na la kumi lilikuwa mlangoni pa kuku. Na siku hiyo nilikuwa na hasira na wewe. Nikalibeba, nikalitupa kwenye rundo la watu wote, na nakuambia kweli nilijisikia vizuri. Nikasema, angalau limepata kazi.

Kisha ikaja barua yako, na kopo. Pancras alikuwa ameniamuru nilitunze. Ningemwambiaje kwamba ushahidi wa ukoo nimeutupa? Nikaokota jiwe jingine la rangi ileile nikaliweka pale. Nikajisemea, mawe ni mawe, labda na hili litawaka. Na halikuwaka, na wewe ukaitwa mwongo mbele yangu, nami nikakuandikia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Ni fupi kweli. Imeishia mlangoni kwangu.

Nikuambie na lililo baya zaidi, ili nilale. Lilipokataa kuwaka, moyo wangu ulifurahi kidogo. Nilisema, basi, huyu hafai, na Domisiana atapangiwa siku moja zahanati ya huku, atakuwa anakuja Jumapili tunakula pamoja. Nyumba yangu ina viti sita, na ninakalia kimoja. Hilo silo kosa lako. Lakini ulipoandika "nitamtazamaje", nilijiuliza mimi nitamtazamaje.

Kesho nakwenda kumwambia Pancras. Tarehe 13 wazee watakaa hapohapo kwenye msingi wa kigango, maana nitaomba tulitafute jiwe kwanza. Rundo lina mawe mia tano na zaidi, na fundi Frednand ameshaanza kujenga. Kama hatutalipata, nitasema mwenyewe mbele ya watu nilichofanya. Na kama umeona ukoo wetu haufai, ukitaka kuondoa posa yako, una haki.

Ernesta


Nemba
10 Julai 2024

Shikamoo Mama.

Siondoi kitu. Nimesoma peke yangu kama ulivyosema, na nilipofika kwenye mawe tisa nimecheka mpaka mzee Bulugu akaja kugonga mlango kuuliza kama nimepata kazi mpya.

Kama ningekuwa na mawe tisa na hasira, na mimi ningefanya hivyohivyo.

Shika mambo mawili. La kwanza, tafuteni turubai kubwa, watu washike pembe, atakayemulika aingie chini. Mchana unafaa kabisa. La pili, msikate tamaa mkiona mawe mengine yanawaka. Mawe ya Ngara sijawahi kuyamulika, na natamani sana kujua. Mngoje la jekundu.

Ningetamani kuja kuwasaidia, lakini mwenye posa haendi ukweni kabla ya jibu. Nitakaa hapa nikitazama barabara.

Na kuhusu viti sita. Kazi yangu ni ya kuzunguka. Nimeshaandika kuomba nipangiwe eneo la Ngara, niliandika mwezi wa nne, kabla ya posa. Domisiana alinizuia nisiwaambie, akasema mtadhani nawahonga.

Gidioni


Bugarama
15 Julai 2024

Gidioni mwanangu,

Barua yako ya tarehe 10 ilifika asubuhi ya siku yenyewe, nikaenda nayo imefungwa kwenye kitenge kiunoni.

Pancras nilikuwa nimeshamwambia. Akasema, "Ernesta, wewe umeficha jiwe, mimi nimeficha meno. Twende tukatafute." Ndugu yangu ni mtu mzuri, nilikuwa nimesahau.

Turubai la kukaushia kahawa tuliazima, likashikwa na wanawake wanane. Nikaingia chini na tochi, na Suzana, na wifi yangu ambaye wiki nne zilizopita hakutaka kulala nyumba moja na jiwe. Tulitambaa kwa magoti kama watoto. Sasa nikujibu ulilotamani kujua: mawe ya Ngara yanawaka! Si mengi. Moja lilikuwa na vitone vya kijani, vidogo kama ulezi uliomwagika. Jingine lilikuwa na mshipa wa rangi ya maziwa. Kila moja likionekana tulipiga kelele, na walioshika turubai nao wakapiga kelele bila kujua ni ya nini, kisha wakaanza kugombania zamu ya kuingia. Mama mmoja aliingia kwa dakika moja akakaa nusu saa, ikabidi tumvute miguu. Sijawahi kuona watu wazima wamefurahi hivyo kwa mawe waliyoyabeba wenyewe kichwani wakilalamika. Nimekuwekea mawili.

Lakini la jekundu halikuwepo. Tulifika chini ya rundo, hakuna. Nikatoka vumbi tupu, nikasimama mbele ya wazee kusema niliyopaswa kusema. Nikasema yote. Nilipomaliza, fundi Frednand akakuna kichwa, akasema, "Mama, kama lilikuwa na upande bapa, mimi hupenda mawe ya upande bapa. Nayaweka pembeni."

Tukalihamisha turubai mpaka kona ya msingi, upande wa madhabahu. Nikaingia. Nikawasha.

Gidioni, liko pale. Limeshikwa na saruji pande zote, upande wako wa msumeno umetazama juu, na linawaka jekundu, jekundu kabisa. Nilizima tochi, na kweli, lilibaki kidogo. Nikalia. Nilidhani nimelia kimyakimya, kumbe nje walinisikia, wakajua limepatikana, na vigelegele vikaanza kabla sijatoka. Pancras aliingia mara tatu. Mara ya tatu alikaa humo mpaka tukamwita.

Kisha wazee wakakaa kwenye mawe yaliyobaki. Pancras akasema, "Kijana si mwongo, hilo limekwisha. Sasa tunamkubali au tunamkataa?" Mzee mmoja akasema tusikimbilie, Nemba ni mbali, na wao ni watu wa ng'ombe. Wifi yangu akauliza, "Tukikataa, posa si inarudishwa kama ilivyokuja, bila kupungua kitu? Bahasha tunayo. Jiwe tutalirudishaje?" Watu wakacheka. Lakini ni kweli, ndiyo desturi yetu: ukishindwa kurudisha vyote huwezi kukataa.

Frednand akasema, "Saruji ni ya juzi, haijashika sana. Nipeni mtaimbo na nusu saa, nalitoa zima."

Kicheko kikaisha. Pancras akanigeukia akasema, "Wewe ndiye uliyemlea. Sema."

Nilitaka kusema maneno mazuri, nilikuwa nimeyapanga usiku kucha. Hayakuja hata moja. Nikaenda kwenye rundo, nikachagua jiwe kubwa kuliko nguvu zangu, Suzana akanisaidia kulinyanyua. Nikamwambia Frednand aweke mtaimbo chini, anipe saruji. Akamwaga karai zima. Nikaliweka jiwe hilo juu ya lako kwa mikono yangu mwenyewe, nikalikandamiza mpaka likakaa, na sasa hakuna mtu wa kulitoa labda abomoe kanisa.

Ernesta